Beringi ya Nne

Nilikuwa nimesimama kwenye duka la vipuri mtaani Wandegeya, Kampala, pale mama mmoja alipoweka beringi iliyovunjika juu ya kaunta. Ilikuwa ya nne tangu mvua zianze. Zote zilifia kwenye mashine yake ya kukatakata matawi, anayotengenezea chenga za kutandika mabanda ya kuku.

"Nipe ingine, Haji. Hii ikikufa, nauza masini."

Mzee mwenye duka hakugeukia rafu. Aliizungusha ile beringi taratibu karibu na sikio, macho ameyafumba, hata sote tukaisikiliza kama mvua ya mbali. Kisha akapitisha ukucha ndani yake.

"Nyabo," alimwita kwa heshima, "imekulika upande moja tu. Mkanda wa masini unakaza namna gani?"

"Sana! Kila asubuhi. Naogopa utateleza."

"Basi unavuta shafti upande huo mpaka beringi inachoka. Legeza kidogo, kidole kiweze kuusukuma."

Mama alicheka, kisha akajifuta machozi.

Wiki iliyofuata nilimkuta yule mama nyumbani kwake, mtaani Kasubi. Mashine ilinguruma kwa upole, naye amekaa kando, akisinzia katika harufu ya mbao mbichi.

Nami, niliyezoea kumpigia binti yangu simu mara tano kwa siku, nimepunguza. Jana alinipigia mwenyewe.