Nani Atambeba Mhitimu

Tangu nistaafu ualimu hapa Newala nimepata kazi nyingine ambayo sikuiomba. Mtoto wa mtu akihitimu chuo kikuu, wazazi wake wananijia: "Mwalimu, wewe umeshakwenda huko, tufundishe." Nami nawafundisha, kwa ukali uleule niliowafundishia watoto wao kusoma na kuandika. Viatu vipya vinavaliwa nyumbani kwanza, siyo siku yenyewe. Simu inazimwa, haifunikwi na kanga. Kuku haingii ukumbini, hata awe amefungwa vizuri namna gani. Na hotuba ikiwa ndefu, vumilia, maana mzee mmoja wa Chilangala alisimama kabisa akamwambia mgeni rasmi kwa adabu zote, "Shikamoo mkubwa, jua linakwenda hilo."

Sasa, mwaka juzi alinijia mama mmoja wa Kitangari. Nilifundisha huko miaka mingi, na binti yake alipita mikononi mwangu tangu darasa la kwanza. Binti anahitimu Dar es Salaam, na chuo kimempa kadi mbili za wageni, si zaidi.

Nikasema, "Basi hapo hakuna shida. Wewe na baba mtoto."

Akanitazama kama niliyelewa pombe. "Mwalimu, wewe umezaliwa Chidya au umeletwa? Mimi na kaka yangu."

Nilizaliwa Chidya, na najua. Huku kwetu juu mlimani mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye neno juu ya mtoto ni mjomba. Baba anaheshimiwa, anakaribishwa ugali, analima, lakini likija jambo kubwa la mtoto anatafutwa mjomba. Najua yote hayo. Lakini namjua na huyo baba! Alikuwa akifuata maji bondeni kwa baiskeli, madumu huku na huku, na mtoto amekaa mbele kwenye bomba. Akifika shuleni anamshusha mlangoni pa darasa langu, anampangusa vumbi miguuni kwa leso, ndipo anashika njia ya bondeni. Ni mpole, ukimsalimia anakujibu kama anayeomba radhi.

Na siku hiyo alikuwepo, amekaa pembeni kwenye mkeka. Nikamgeukia. "Na wewe baba unasemaje?"

"Ni sawa, Mwalimu. Ndivyo ilivyo." Akainuka, akasema anakwenda kutazama korosho zake.

Roho iliniuma hadi chai ikanishinda.

Mjomba mwenyewe alikuja wiki iliyofuata kutoka Masasi, ambako anauza mbao. Ni mtu wa kifua na sauti. Alikuja na doti tatu za kanga na mfuko wa unga wa mtama. Nikamuuliza vya nini. Akanieleza taratibu, kama mimi ndiye mwanafunzi.

"Mwalimu, mtoto amefungiwa mahali miaka mitatu, sivyo? Amefundishwa mambo ambayo sisi wa nje hatuambiwi, sivyo? Sasa anavikwa nguo mpya anatolewa mbele za watu. Huyo si mwali huyo? Mwali akitajwa jina, njomba anasimama, kanga zinatandikwa, anapakwa unga usoni, njomba anambeba mabegani. Sasa baba yake aende kufanya nini?"

Loo! Nilitafuta pa kumkamata nikapakosa. Ni kweli, ukiyatazama vizuri, mahafali na kutoka unyago havina tofauti kubwa, hata wimbo upo. Nikamkamata kwenye moja tu.

"Hawatajwi majina," nikamwambia. "Wa shahada ya kwanza ni wengi mno. Wanaambiwa wasimame wote kwa pamoja, wanatunukiwa, wanakaa. Imekwisha."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwali gani anatolewa bila kutajwa? Hao uliowaona walikuwa hawana wajomba."

Nikamrudia mara ya pili, mara ya tatu. Wapi! Akaingia kwenye mazoezi ya kubeba, uani kwangu. Alianza na gunia la korosho, nalo likampeleka mbio mpaka kwenye ua wa mabua. Akasema gunia halina miguu ya kushikia, anataka mtu. Akamkamata dada yake. Dada mtu ana mwili, jamani, na alipojiona yuko juu alipiga yowe majirani wakatoka na fimbo. Baba mtoto alikuwa anashikilia gunia lisianguke, na hakuna aliyemwambia ajaribu.

Siku ya safari tulipanda basi Masasi, mimi nikiwa mwongozaji wao, na nilipohesabu vichwa nikamkuta baba mtoto naye yumo, amevaa koti la harusi yake. Msimu wenyewe ni wa korosho, zinaanguka chini kila siku na zinataka mtu wa kuokota, na huyu kaacha shamba.

"Baba," nikamuuliza, "unakwenda kufanya nini nawe huna kadi?"

"Nitasimama nje, Mwalimu. Hata nje ni hukohuko."

Nami sikuwa na kadi, kwa hiyo tulikuwa wawili wa nje.

Getini mlinzi alifungua mfuko wa mjomba, akaona unga, akaita wenzake. Wakaunusa. Mmoja akauliza ni kitu gani. "Mtama," mjomba akajibu kwa hasira, "kwani kwenu hamli?" Wakajadiliana weee, mpaka mjomba akalamba kidogo mbele yao, ndipo wakampisha, naye akaingia na ndevu nyeupe. Dada yake alimfuata kwa viatu vya visigino ambavyo alikuwa amevifanyia mazoezi kwenye mchanga wa Kitangari, kwa hiyo sakafu ya marumaru ilimshangaza sana.

Mimi na baba mtoto tukakaa kwenye hema lililowekwa nje, lenye skrini kubwa na viti vya plastiki. Zikapita hotuba. Kisha wakaambiwa wasimame wahitimu wa kitivo cha binti yetu, na huyu baba naye akasimama. Alisimama wima, kofia mkononi, peke yake kwenye hema zima.

"Ni yule!" akaninong'oneza, akinyoosha kidole kwenye skrini.

Nikatazama. Haki ya Mungu, yule alikuwa mwanaume. Lakini ningemwambiaje? Nikasema, "Ndiye." Wakatunukiwa wote kwa mkupuo, wakaambiwa wakae, naye akakaa, akajifuta macho. Nami nikajifuta ya kwangu, kwa ajili ya kijana wa watu nisiyemjua.

Mambo yakaisha, milango ikafunguliwa. Uwanja ukajaa vigelegele, mashada ya maua, watu wanavutana kupiga picha. Tukamwona binti anakuja mbio, ameshika kofia kichwani. Alikuja peke yake.

"Mwalimu, shikamoo! Shikamoo baba! Jamani, mjomba kagoma kutoka. Anasema mtu wake hajatajwa, hawezi kuondoka. Walinzi wanamwomba, mama analia, yeye kakumbatia kiti!"

Alikuwa anacheka, lakini midomo ilikuwa inamcheza. Kila upande wenzake walikuwa wanavishwa maua na kurushwa juu, na yeye kasimama na joho lake kama mtu anayesubiri zamu hospitali. Baba yake alimtazama, akatazama mlango wa ukumbi, akamtazama tena. Mikono yake ilinyooka kidogo halafu ikarudi mfukoni.

Hapo hasira zikanipanda. "Baba, mtoto ndiye huyo! Unangoja nini?"

"Si kazi yangu hiyo, Mwalimu."

"Ni kazi ya nani? Mwenye kazi yuko ndani anagombania kiti!"

Nikadhani nimemvunjia heshima mbele ya mwanawe, na nilikuwa tayari kumwomba radhi. Lakini akavua lile koti la harusi, akanipa nilishike, akapiga goti palepale kwenye lami.

"Panda," akamwambia binti.

"Baba, mimi mzito jamani."

"Panda, mama."

Akapanda. Mimi nilisukuma kwa nyuma kwa bega langu lenye baridi yabisi, na mama mmoja mgeni kabisa akanisaidia bila kuuliza. Baba akayumba kulia, akayumba kushoto, nikasema leo tunazika. Kisha akasimama imara, shingo imevimba, binti juu na kofia imekaa upande.

Halafu yule mtu ambaye sijapata kumsikia akipaza sauti, hata siku mbuzi walipoingia shambani kwake, akamtaja mwanawe. Alitaja majina yote matatu: la binti, la kwake yeye, na la baba yake. Ukoo ni wa mama, sawa, sibishi. Lakini jina la katikati ni la huyu mzee, na alilitamka kwa nguvu mpaka waliokuwa wanapiga picha wakageuka kutazama ni mkubwa gani ameitwa.

Alipogeuka, mjomba alikuwa ameshatoka ukumbini, amesimama mbele yake, mfuko wa unga mkononi, jasho linamtoka. Nyuma yake dada yake amevua viatu. Binti akanong'ona, "Baba, nishushe."

"Simshushi," baba akasema. Hakumwambia binti, alimwambia shemeji yake, na alikuwa anahema. "Leo shemeji utanisamehe. Simshushi."

Mjomba aliitazama ile shingo iliyovimba, akamtazama na mpwa wake kule juu, machozi yanamtiririka kwenye joho la watu.

"Mtaje tena," akasema. "Mimi nilikuwa ndani, sikusikia."

Baba mtu akavuta pumzi, akamtaja tena.