Kiota Kitupu Ukweni

Sungura wangu alinyonyoa manyoya ya kifuani mwake mwenyewe, akayatandika kwenye sanduku la kuzalia, akajenga kiota laini kuliko mto ninaolalia mimi.

Asubuhi nikafungua sanduku kwa furaha.

Tupu.

Hakuna mtoto, hakuna damu, hakuna hata dalili kwamba panya kapita. Manyoya tu.

Ingekuwa mara ya kwanza ningesema bahati mbaya. Ilikuwa mara ya tatu, ndugu zangu. Na sanduku lile ndilo lililokuwa mlango wangu wa kutokea nyumbani kwa mama mkwe.

Ngoja niwaeleze nilifikaje huko.

Mimi ni fundi makochi. Karakana niliyopanga ilibomolewa, kazi zikayumba, kodi ya nyumba ikanishinda, na siku moja mwenye nyumba akatutolea vitu nje. Mama mkwe akasema, "Njooni kwangu wiki mbili tatu, mjipange."

Wiki mbili tatu zikawa mwaka na ushee.

Mwanaume mwenzangu, usiombe kukaa ukweni. Usiombe kabisa! Si kwamba nilinyimwa chakula. Nilikula nikashiba, na hilo ndilo lililokuwa likinimaliza.

Tulipewa chumba alicholala mke wangu tangu anasoma shule. Kitanda chembamba, kabati limejaa nguo za mama mkwe, na cherehani yake chini ya dirisha. Mlango hauna komeo. Akikumbuka uzi, anagonga mara moja na yuko ndani.

Kwenda chooni lazima upite sebuleni. Sebuleni lazima umkute yeye, rimoti mapajani.

"Unatoka, mwanangu?"

"Nakwenda kunawa tu, mama."

"Haya. Usiyaache maji yanatiririka."

Nikafika mahali pa kukohoa ndani ya mto. Nikitaka kumwambia mke wangu jambo la faragha, tunanong'ona kama wezi wanaogawana mali. Makochi ya nyumba ile niliyashona yote upya ili nionekane nina maana, yakaisha, nikabaki sina pa kushika.

Na ulimi alikuwa nao mama yule! Akija rafiki yake, utamsikia huko sebuleni: "Mgeni siku mbili, mwenzangu. Ya tatu mpe jembe."

Rafiki anacheka. Mimi chumbani najifanya nimelala, jua kali.

Nikasema sawa, jembe nitajipa mwenyewe.

Kulikuwa na mpishi wa hoteli niliyewahi kumtengenezea kiti. Alikuwa akilalamika kwamba nyama ya sungura wageni wanaipenda lakini haipatikani. "Ukiwa nao wa uhakika, mimi nipo." Nikafikiria. Mbao za mabaki ninazo, waya ninao, mikono ninayo. Sungura hapigi kelele na hataki shamba. Nani kama mimi?

Nikaenda kuomba kona ya uani.

Mama mkwe akanitazama juu mpaka chini. "Hayo mapanya unayaleta kwangu?"

"Ni sungura, mama."

"Nimesikia. Yakae mbali na dirisha langu."

Nikajenga banda la miguu mirefu, vyumba viwili, sakafu ya waya ili kinyesi kidondoke chini. Nikanunua dume na jike, wote weupe pee, macho mekundu, huwezi kuwatofautisha kwa sura. Mimi nawachinja na kuwauza, mke wangu anawakatia majani na kuwawekea maji nikiwa kazini.

Aliyeniuzia alinionya jambo moja: jike ndiye anayepelekwa kwenye chumba cha dume. Usithubutu kumpeleka dume kwa jike. Jike ana wivu na kwake, atamng'ata, atamchapa, dume atashinda kwenye kona akilinda masikio.

Jioni nikalirudia somo hilo mezani, kwa mbwembwe zote za mtaalamu.

Mama mkwe akaacha kutafuna.

"Kumbe hata sungura wanajua," akasema. Akaendelea kula.

Mke wangu alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Lakini uzao wa kwanza, weee! Watoto saba. Walipokua nikawachinja mwenyewe nyuma ya nyumba, nikawachuna vizuri, na mpishi akaagiza wengine hata kabla hajafunga mlango wa friji. Nilirudi nyumbani sikanyagi chini. Nikamnong'oneza mke wangu, "Wakizaa hivi mara mbili tatu tu, tunahama. Chumba chetu. Mlango wenye komeo."

Akatabasamu. "Mungu akipenda," akasema, akainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Baada ya hapo, balaa.

Nampeleka jike kwa dume, wanapandana, nashuhudia kwa macho yangu. Baada ya muda jike anaanza kunyonyoa manyoya, tena kabla ya siku zake. Nikasema huyu ana haraka ya kuhama kama mimi. Nafungua sanduku, tupu.

Mara ya pili nikatia banda kufuli la humo humo nyumbani. Kufuli halikuguswa, watoto hawapo.

Na nyumba ile, mtu mwenye funguo za kila kufuli, zikilia kiunoni kila anapopita, alikuwa mmoja tu.

Nikaanza kumchunguza mama mkwe. Akinywa supu, nachungulia bakuli. Akitoka na mfuko wa taka, natamani niupokonye. Akinisalimu, nahisi anacheka moyoni. Kila nikitoboa tundu la kutokea, kuna mtu analiziba, na mtu huyo ndiye anayenipakulia chakula!

Basi ilipotokea mara ya tatu, uvumilivu ukanishinda.

Tulikuwa mezani mchana, sisi watatu.

"Mama, naomba kuuliza. Watoto wa sungura wangu unawapeleka wapi?"

Kijiko cha mke wangu kikaanguka.

"Watoto gani?" mama mkwe akauliza.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mama. Mtu atajengaje kama anabomolewa na anayekula naye?"

Niliyasema hayo nikimtazama machoni. Mama mkwe huyo, jamani! Mtu niliyekuwa naogopa hata kupiga chafya mbele yake.

Hakupandisha sauti. Alifuta mdomo taratibu. "Kabla hujaniita mwizi ndani ya nyumba yangu, mwite bwana mifugo. Akikuta ni mimi, nitakuomba radhi kwa magoti."

Bwana mifugo akaja jioni ile ile. Akampapasa jike tumbo, akamrudisha. Akamtoa dume, akamlaza chali mapajani, akafunua kwa vidole viwili, akaangalia.

Akacheka.

"Fundi, nani kakwambia huyu ni dume?"

"Si dume huyo?"

"Hawa wote majike. Majike wakikaa pamoja hupandana wenyewe kwa wenyewe, halafu mwili unadanganyika. Inaitwa mimba ya uongo. Atanyonyoa manyoya, atajenga kiota, na tumboni hana kitu. Hakuna aliyekuibia watoto. Hawakuwahi kuwepo."

"Lakini alizalisha! Watoto saba nimewachinja kwa mkono huu!"

"Basi aliyezalisha si huyu," akasema. "Kuna mtu kakubadilishia."

Bwana mifugo akaona hayo sasa ni ya familia, akaaga haraka.

Nikamgeukia mama mkwe. Alimtazama binti yake, kisha akanitazama mimi.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyembadilisha."

Niliona giza. Nikaingia chumbani, nikavuta begi, nikaanza kutupia nguo ndani bila kukunja.

"Jiandae twende!" nikamwambia mke wangu. "Tutalala hata kwenye karakana za watu. Hapa simalizi hata saa moja!"

Hakusogea. Alisimama mgongo mlangoni.

"Mama anaogopa sungura kuliko nyoka," akasema. "Atambebaje dume, mume wangu?"

"Unasemaje?"

"Ni mimi."

Nikakaa kitandani.

"Siku ile tulipotolewa vitu nje," akasema, "wewe ulikwenda kutafuta gari. Unajua mimi nilikuwa wapi? Nimekaa juu ya godoro letu, barabarani. Majirani wanapita wanaangalia pembeni. Akaja mtu akaniuliza godoro bei gani. Alidhani nauza."

Machozi yakaanza kumtoka.

"Niliapa siku ile kwamba sirudi tena kwenye nyumba ya mtu anayeweza kunitoa. Hapa hakuna wa kunitoa. Uliposema wakizaa mara mbili tatu tunahama, sikulala. Kesho yake nikamtia dume kwenye mfuko, nikabadilishana na yule mama wa mashine ya kusaga, naye anafuga weupe kama hawa, akanipa jike. Bandani naingia kila siku kuwapa majani, nani angenishuku?"

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto mgumu wa kuelewa.

"Uliniuliza?"

Nikaliacha begi palepale, nikatoka.

Nilimkuta mama mkwe jikoni, amenipa mgongo. Nikapiga magoti mimi. "Mama, nisamehe. Nimekutukana kwako. Lakini kwa nini ulijitwika kosa lisilo lako? Ulijua?"

"Sikujua. Bwana mifugo aliposema tu, nikamwona uso. Nimemzaa yule." Akaendelea kukwangua sufuria. "Mkwe ukimchukia, hakuna atakayeshangaa. Mke ukimchukia, nyumba imekwisha."

Nikainama. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Ila usije ukajidanganya kwamba nataka mkae," akasema, akinigeukia. "Tangu uje sijakaa sebuleni kwangu na gauni la kulalia. Navaa nguo za msibani toka asubuhi mpaka usiku, joto lote hili, kwa heshima yako! Nyumba nimeijenga mwenyewe na nimefungwa humo humo. Hameni, baba. Nawaomba."

Sikujua nicheke au nilie. Watu wazima watatu, kila mmoja amebanwa kwenye kona yake, na hakuna aliyefungua mdomo mwaka mzima.

Siku chache baadaye mama mkwe akaingia na boksi, kalishika mikono imenyooka, uso kaugeuzia pembeni. Ndani kuna dume.

"Amekaguliwa na bwana mifugo mbele yangu," akasema. "Nimesimama pale, aibu nimeimeza."

Tumehama? Bado. Usiku wa ugomvi ule mimi na mke wangu tuliongea kwa sauti ya kawaida, asikie anayetaka kusikia. Tulikubaliana kwamba nyumba ataichagua yeye, mkataba utaandikwa jina lake, na siku ya kutoka ataitaja yeye. Banda nalo analiendesha yeye sasa. Majike wote wawili wana mimba, ya kweli, nimewapapasa mwenyewe.

Wewe unayesoma hapa na kichwani unapanga kuhama, kuacha kazi, au kuanza mradi wa kuiokoa familia, tulia kwanza. Unayelala naye umeshamuuliza? Najua umemwambia. Mimi pia nilimwambia, tena kwa furaha tele. Kumwambia mtu na kumuuliza ni vitu viwili, na mimi nilichelewa kujua tofauti yake.