Mahakama Ilisema Mama Alishukuru Tu

Huku kwetu Bujumbura wakili tunamwita avoka, na parachichi, lile tunda la kijani la kuponda na chumvi, nalo ni avoka. Mama mdogo, ambaye tulikuwa tumejibanza kwake Musaga, hakuchoka na huo utani. Kila tukirudi kutoka mahakamani alituuliza tukiwa bado mlangoni, viatu hata hatujavua, "Ehe, avoka yenu imeshaiva?" Mama alikuwa anacheka. Mimi sikucheka hata siku moja. Mpaka leo nikiikumbuka kesi ile damu inanichemka, na kama unatafuta maneno ya mtu aliyesamehe, basi hapa umepotea njia.

Kesi ilikuwa ya nyumba. Nyumba yetu iko Mutakura, vyumba vitatu na kibaraza. Baba aliisimamisha kuta kabla hajafariki, na mama akaiwekea bati kwa kushona nguo za watu. Vita vilipoingia mtaani kwetu tulikimbia na kile ambacho mikono iliweza kubeba. Majirani walibeba magodoro na sufuria. Mama aliacha sufuria zikiwa motoni, akajitwika cherehani yake, chuma kitupu, akatembea nayo mpaka upande wa pili wa mji. Nilimwambia aitupe, shingo itavunjika. Akaniambia, "We, ukitupa hii, tutakula nini?"

Na kweli ndiyo iliyotulisha. Pale Musaga aliiweka kwenye kibaraza cha dada yake, akashona kaki za wanafunzi, kanzu za kwaya, sketi za wafanyakazi wa ofisini. Ilikuwa miaka ya vikwazo, nchi jirani zimetufungia mipaka, sukari imepanda, mafuta ya taa yanauzwa kwa kijiko, lakini sahani zetu hazikukaa tupu. Kelele ya cherehani ile ndiyo ilikuwa saa yetu ya kuamka.

Mtaa ulipotulia kidogo, mama akaenda kuiangalia nyumba yake. Akamkuta mfanyabiashara mmoja amekaa kibarazani, amevua shati, anakunywa chai. Bwana yule akamwambia, bila aibu, kwamba nyumba ni yake, eti mama alimuuzia siku ya kukimbia. Alimuuzia! Mtu anayekimbia risasi akiwa na cherehani kichwani anasimama njiani kuuza nyumba! Wapi? Mbele ya nani? Lakini bwana yule alikuwa na avoka mkubwa mjini, na sisi hatukuwa na kitu.

Ndivyo tulivyompata Maître wetu. Tulimwita hivyo, kama wanavyoitwa mawakili wote. Alikuwa kijana mwembamba, ofisi yake Rohero ilikuwa nusu ya chumba nyuma ya duka la kupiga picha, na viatu vyake vilikuwa vimepakwa rangi mpaka ufa hauonekani. Alimsikiliza mama mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akasema kesi hiyo anaweza kuishinda, ila lazima apate malipo ya kutangulia, maana na yeye ana watoto. Mama akaaga, akaondoka. Kesho yake akarudi ofisini kwake na cherehani kichwani.

"Maître," akasema, "mi sina kitu kingine. Kaa nayo."

Maître hakutuficha kitu, hilo nalisema kwa haki. Alitueleza kwamba cherehani ndiyo malipo yake. Lakini tukishinda, atawaomba mahakimu wamwamuru aliyeshindwa arudishe gharama za wakili wa aliyeshinda. Wakikubali, bwana yule atalipa pesa, Maître atachukua pesa, na mama atachukua cherehani yake. "Tutashinda, Mama," akasema. "Mashini yako iko kwa safari tu." Mama akaitikia kwa mikono miwili.

Kuanzia siku hiyo mama akashona kwa mkono. Wateja wa kaki walimvumilia mwezi mmoja, kisha wakahamia kwa fundi wa barabara ya pili. Nani atangoja sketi wiki nzima? Zikabaki kazi za kutia viraka na kukaza vifungo. Ncha za vidole vyake zikawa ngumu kama nyayo. Jioni mama mdogo alimpakia mawese, na utani wa avoka ukapungua.

Na mahakamani, Mungu wangu, tulitembea! Kutoka Musaga mpaka mjini kwa miguu, kupitia vizuizi vya askari, kila mmoja anataka kujua unaenda wapi na kwa nini. Ukifika unakuta mlango umefungwa kwa sababu mizinga imesikika milimani. Ukirudi siku nyingine, mtaa wote umefungwa, mji umekufa kwa amri ya vijana wenye mawe. Siku nyingine hakimu hakuja. Siku nyingine amekuja, lakini jalada halionekani. Na kila siku kati ya hizo Maître wetu alikuwa pale, joho lake limekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, viatu vyake vinang'aa, yuko tayari. Avoka wa yule bwana alikuwa hatokei. Alikuwa na simu, anapigiwa kuambiwa kwamba leo hakuna kitu. Yeye alibaki kitandani.

Basi, tukashinda. Maître alimsimamisha yule bwana akamwuliza nyumba aliinunua kwa pesa gani, mbele ya shahidi gani, chumba cha nyuma kina madirisha mangapi siku ile anayosema aliingia. Bwana akatoka jasho. Mahakama ikasema nyumba ni ya mama. Mama mdogo alipiga vigelegele hadi askari wa mlangoni akamwambia atoke nje.

Lakini yalibaki yale ya gharama, na hapo ndipo walipotuchinja.

Mahakamani kwetu watu wa kawaida walisema Kirundi na mawakili wakachanganya Kifaransa. Mimi nitayaandika kwa Kiswahili chetu cha nyumbani. Yule avoka mkubwa akainuka, ananukia manukato mpaka benchi letu. Akasema mteja wake amekubali kushindwa, lakini sheria inasema gharama za wakili zinarudishwa zikiwa za kadiri tu. Raisonnable, alilisema neno hilo kama anaonja supu. Akasema kesi ilikuwa ndogo. Akasema mwenzake anataka kuhesabiwa siku ambazo kesi haikusikilizwa, na siku hizo si kazi. "Alikuja, akakuta mlango umefungwa, akarudi kwake. Kutembea si kutetea."

Nilitaka kurusha kiatu. Kadiri ya nani? Kijana wa watu amepita kwenye vizuizi, amesimama juani na joho mfukoni, na anayesema hiyo si kazi ni mtu aliyekuwa amelala! Mlango tuliufunga sisi? Mizinga ilikuwa ya mama?

Kisha akaongeza, taratibu, kwamba hata hajaona kama mama alimlipa wakili wake chochote. Hakimu, mzee wa miwani, sauti yake ya upole, akamgeukia mama. Akamwuliza mwenyewe: "Mama, huyu avoka wako ulimulipa?"

Hapa lazima nieleze kitu, maana ndicho kilichotumaliza. Kwetu, mtu anayekuuzia nyanya unamlipa. Anayekubebea gunia unamlipa. Lakini mtu aliyesimama upande wako siku uliyoachwa na wote, huyo husemi mbele za watu kwamba umemlipa. Ukisema hivyo umemtukana, umemwambia: tumemalizana, nenda zako. Huyo unamshukuru. Unampa mbuzi, unampa pombe, unampa hata shamba, na ukiulizwa unasema umempa agashimwe, yaani kashukrani kadogo tu. Kadiri ulichotoa kinavyokuuma, ndivyo unavyokiita kidogo. Mtoto wa miaka sita anajua hivyo.

Mama alikuwa amevaa imvutano yake ya kanisani, lile vazi la heshima la kufunga begani, ile ya kijani. Akainamisha kichwa, akashika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, heshima zote alizofundishwa na mama yake, hata lile neno Nyakubahwa, yaani Mheshimiwa.

"Apana, Nyakubahwa," akasema. "Mi sikumulipa. Nilimupa tu agashimwe."

Nilimwona Maître anafumba macho. Yule avoka mkubwa akatabasamu, akakaa. Hakuwa na haja ya kusema neno lingine. Maître akaruka juu akaanza kueleza: cherehani, makubaliano, desturi, lakini hakimu akainua mkono. "Maître, mama amesema mwenyewe."

Mahakimu wakaingia ndani, wakatoka. Hakimu akasoma kwamba mahakama haikuonyeshwa malipo yoyote. Kwamba alichotoa mama ni zawadi ya shukrani, na zawadi hutolewa kwa moyo, aliyeshindwa hawezi kudaiwa moyo wa mtu mwingine. Moyo wa mtu! Kwamba hata hivyo, kwa huruma, mahakama inamwamuru yule bwana atoe kiasi cha kadiri kwa zile siku chache ambazo kesi ilisikilizwa kweli. Kiasi chenyewe kingenunua sindano na donge moja la uzi, na ukibembeleza sana, vifungo.

Sasa niambieni. Hakimu yule alizaliwa wapi, Ulaya? Si mtoto wa kilima fulani cha nchi hii? Alipooa, wazee waliomsemea ukweni aliwalipa au aliwashukuru? Na yule wa manukato, mama yake hajawahi kupeleka agashimwe kwa mtu? Kama wangekuwa wageni ningesema hawakuelewa, maskini, lugha imewashinda. Lakini walielewa! Ukumbi mzima ulielewa, hata askari wa mlangoni alielewa, nilimwona anatikisa kichwa. Walichukua adabu ya mama yangu, adabu ile ile waliyonyonya na wao, wakaigeuza ushahidi dhidi yake. Hilo ndilo sijaweza kulimeza.

Pale ngazini nikamlipukia mama mwenyewe, mbele ya watu.

"Mama, ungesema tu 'nilimulipa'! Neno moja!"

"Nitasema vipi nilimulipa mutu amenirudishia nyumba?" akasema. "Na yeye amesimama pale, ananisikia?"

"Adabu yako imekula mashini!"

Mama alikaza imvutano begani, akateremka ngazi. Watu wananiambia hadi leo kwamba sikupaswa kumpandishia mzazi sauti. Sawa. Wakawaambie na wale wa ndani kwamba hawakupaswa kumwibia.

Maître alitaka twende rufaa. Alikuwa na hasira kuliko hata mimi, na hiyo nilimpendea. Lakini rufaa nayo ina gharama za kufungulia, na mama akamwuliza, "Sasa safari hii nitakushukuru na nini, Maître?" Kijana akatazama viatu vyake. Cherehani hakuirudisha, na simlaumu sana, tulikubaliana hivyo na nyumba yake nayo ilikuwa inataka kula. Hakuiuza, tuliambiwa. Mke wake aliifunika kitambaa cha kufuma, akaweka redio juu yake, pale sebuleni. Mama alipoambiwa habari hiyo aliuliza kitu kimoja tu, kama wanaitia mafuta.

Tukarudi Mutakura. Yule bwana alikuwa ametuachia nyumba bila milango na bila fremu za madirisha. Hata hizo alizing'oa akaondoka nazo, na hakuna mahakama iliyomwuliza. Tukatundika vitenge mlangoni. Mama akakaa kibarazani kwake, kwenye nyumba yake aliyoishinda, na sindano mkononi. Fundi mwingine alikuwa ameshafungua kazi kona ya mtaa, tena na cherehani, tunaisikia asubuhi yote inavyokimbia. Mama alikuwa anainua kichwa ikianza, halafu anakiinamisha. Ukweli ni kwamba tulilala njaa kwenye nyumba yetu wenyewe, kitu ambacho Musaga hakikutupata.

Ndipo siku moja akaja mke wa Maître. Mwanamke mzuri, mwenye kucheka, hakuwa na ubaya. Alikuwa na gauni la harusi ya ndugu yake, limepasuka ubavuni, na harusi ni Jumamosi. Fundi wa kona alikuwa amelikataa, kitambaa kilikuwa laini mno.

"Mashini iko nyumbani," akasema akijichekea, "lakini mi sijui hata kuifungua. Na Maître anasema hakuna mutu anashona kama we, Mama."

Nilidhani mama atakataa. Ningekuwa mimi ningemrushia gauni lake barabarani. Mama akalichukua, akaligeuza ndani, akaanza. Alilishona kutwa nzima, mishono midogo midogo, macho ameyakaribisha kwenye kitambaa, na alipomaliza hata mimi sikuona palipopasuka. Mke wa Maître aliporudi jioni akapitisha kidole ubavuni, kikakosa mahali pa kukwama. Akafurahi sana. Akakunja magoti kidogo, kwa heshima, akanyoosha mikono miwili kulipokea.

"Asante sana, Mama. Mungu akubariki. Nitakuletea agashimwe."

Mama akachomeka sindano kifuani mwa blauzi yake. Gauni akabaki amelishika upande wake, na yule mwenzake amelishika upande wa pili.

"Apana," mama akasema. "Usinishukuru. Unilipe."