Tukumeq na Suruali Iliyoliwa na Mbwa

Kaeni vizuri, na anayetaka kubisha asubiri zamu yake, maana kisa hiki hakuna atakayekiamini. Kila kinaposimuliwa, msimuliaji huitwa mzushi, hata na watu ambao bado wana nyama ya dubu wa kisa hiki katikati ya meno.

Tukumeq ni mwanamke wa huku kwetu, kaskazini kabisa mwa Grinlandi. Ni mfupi, mpana wa mabega, na sauti yake humtoa sili kwenye tundu lake. Anashona, anakwangua ngozi, na anaendesha mbwa kuwashinda wanaume kadhaa ambao hawatatajwa hapa kwa sababu wana hasira za karibu. Kosa lake lilikuwa moja tu: alianika suruali ya mumewe nje kwenye uchanja, akaianika chini mno, mbwa wakaifikia. Mbwa wetu hula kamba, hula mjeledi, hula kiatu ukiwa bado unakivua. Suruali ya ngozi ya dubu kwao ni karamu ya harusi. Alipotoka alikuta manyoya machache yakipeperuka na mbwa wanalamba midomo.

Msilichukulie jambo hilo kijuujuu. Mwindaji wa huku bila suruali ya dubu hawezi kusubiri sili juu ya barafu. Mapaja yataganda kabla sili hajaja kupumua. Kwa hiyo Avigiak, mumewe, mtu mzima na ndevu zake, akabaki ndani amevaa kisuruali cha mkewe cha ngozi ya mbweha, kimemkaba kila mahali. Watu ambao hawakuwahi kumtembelea wakaanza kuja kumjulia hali.

Nyama ikawa inaletwa na Sakeus, kaka yake Avigiak, na kila pande alilileta na neno lake.

"Shemeji," alimwambia Tukumeq mlangoni, "mke mwenzio hajambo? Ameshajua kushona?"

"Cheka tu, shemeji. Nitamvalisha."

"Kwa ngozi ya nani? Yangu?"

"Yako ina ukurutu. Nataka ya dubu."

"Hee! Mkilala njaa mniite tu. Nimeshazoea kulisha wanawake wawili."

Avigiak aligeukia ukutani, na hakugeuka tena mpaka nyama ilipopoa. Hapo ndipo Tukumeq alipoona kwamba asipopata ngozi kabla barafu haijaanza kuoza, nyumba yake itakula matusi ya Sakeus mwaka mzima, na mume wake atakufa kwa aibu huku akipumua. Akachukua bunduki, akafunga mbwa kwenye sleji, kile kigari cha kuteleza barafuni.

"Mke wangu, usiende peke yako," akasema Avigiak.

"Basi twende. Vaa."

Avigiak akakitazama kisuruali chake, akarudi kuketi.

Tukumeq alisafiri juu ya bahari iliyoganda, upepo ukimchuna uso kama kisu cha kuchunia samaki. Kila aliposimama kuwatupia mbwa nyama, waliraruana. Aliwaingilia kwa mpini wa mjeledi, akiwapiga vichwani mpaka mpini ukapasuka, na bado dume moja lilibaki na sikio la mwenzake mdomoni. Kisha, karibu na mlima mkubwa wa barafu, mbwa wote wakainua pua kwa pamoja, wakachomoka. Sleji ikaruka, ikagonga, ikaruka tena, na Tukumeq ameng'ang'ania kamba kwa mikono na meno.

Dubu alikuwa amekaa juu ya sili aliyemuua, kifua chekundu mpaka shingoni. Na upande wa pili, nani anakuja akipiga mbwa wake kama mwendawazimu? Sakeus.

Sasa, sheria yetu iko hivi: risasi haihesabiwi. Ngozi ni ya yule ambaye mkono wake utamgusa dubu kwanza, awe amekufa au yu hai, awe amepigwa na nani.

Wote wawili walikata kamba, mbwa wakaachiwa. Walimzunguka dubu, lakini kwa kuwa walikuwa wa nyumba mbili, nusu walimvamia yeye na nusu wakavamiana. Dubu akamchota jike moja kwa kiganja, akalirusha likiwa limepasuka kuanzia shingo hadi kiuno, matumbo yakiandika mstari kwenye theluji. Mwingine alikanyagwa, mbavu zikalia kama vijiti vya kuwashia moto. Tukumeq alivuta kifyatulio. Bunduki ilikuwa imeganda. Sakeus akapiga yake. Risasi ikaingia begani, dubu akanguruma, akajing'ata jeraha.

"Wa kwangu!" Sakeus akapiga kelele, akaanza kukimbia.

"Hujagusa bado, shemeji!"

Wakakimbizana. Sakeus ana miguu mirefu, lakini Tukumeq alikuwa karibu zaidi. Sakeus alipoona anashindwa, akamkamata shemeji yake kofia ya koti, akamvuta chini.

"Rudi nyuma, mwanamke! Unataka kufa?"

"Niachie!"

"Nitakupa mguu mmoja wa suruali!"

Tukumeq akauzamisha mdomo kwenye mkono wa Sakeus, akauma mpaka akasikia kitu kinaachia chini ya ngozi. Sakeus akalia, akampiga ngumi ya sikio, kisha ya mdomo. Jino likatoka. Tukumeq akalitema pamoja na damu, akampiga goti pale ambapo mwanamume hapigwi, akavua glavu na kujirusha kwa tumbo. Barafu ikamtelezesha katikati ya mbwa, juu ya damu, hadi kiganja chake kitupu kikatua kwenye mguu wa nyuma wa dubu.

"Nimemgusa! Sakeus, umeona?"

"Nimeona, nimeona! Toka hapo, mjinga wewe!"

Dubu naye alikuwa ameona. Aligeuka, akashuka na kucha, koti likapasuka mgongoni pamoja na nyama iliyokuwa chini yake. Mwingine angepiga mayowe. Tukumeq, wapi! Alijipindua, akamtazama dubu machoni, akamwambia, "Vua hiyo suruali, ni ya mume wangu." Akaikamata taya ya juu kwa mkono wa kulia na ya chini kwa wa kushoto, dubu akasimama naye amening'inia, mrefu kama mlingoti wa meli, akamzungusha hewani, lakini yule mwanamke akachomoa kisu, akamchoma moyoni pigo moja tu, na dubu alipoanguka bahari yote ikapasuka mpaka ng'ambo, sili wakatoa vichwa kuuliza kuna nini, naye Tukumeq amesimama juu ya mzoga, hatetemeki, hana hata—

"Nilijikojolea," akadakia Tukumeq mwenyewe, aliyekaa hapa hapa kati yetu, bila kuinua macho kutoka kwenye suruali anayomshonea mumewe. "Nilikuwa chini ya dubu nimefumba macho. Aliyemmaliza ni shemeji, tena kwa mkono niliomng'ata."