Picha Yenye Miguu

Vania alikuwa akibangua korosho barazani kwake Mpapura, na alimtambua yule mpiga picha wa utotoni mwake kwa namna alivyofuta lenzi kwa pindo la shati huku akiguna kama anayeonja mchuzi. Enzi za studio yake kule Magomeni, alikuwa akikuinua kidevu kwa vidole viwili, kisha anarudi nyuma mpaka kisigino kinagonga ukuta, maana hakuna mama aliyekubali picha iliyomkata mwanawe miguu. Viatu vya sikukuu vilinunuliwa vionekane! Siku hizi anauza picha mtandaoni, na huko wanazikataa: zina giza, mtu yuko mbali mno. Basi leo alimtoa Vania juani, akamkalisha mlangoni penye mwanga mpole, akainama karibu kabisa, akapiga picha ya mikono peke yake. Ilitoka safi, hata mikunjo ya vidole ilihesabika.

“Hii wataichukua,” alisema, bila furaha.

“Na mimi je, mzee wangu?”

Akaanza kurudi nyuma, taratibu, mpaka kisigino kikagonga ua wa jirani.

“Wewe kavae viatu, mwanangu.”