Mikono Minne ya Baiskeli

Mwezi uliopita basi nililopanda kutoka Lindi liliharibika Nanganga, na mimi sikusikitika sana. Mtu aliyezoea kutangatanga kama mimi haoni tofauti kubwa kati ya kufika na kukwama. Nilinunua muhogo wa kuchoma, nikakaa juu ya mzigo wangu barabarani. Mara likaja likasimama gari moja la Wazungu, refu, limejaa vumbi, na ndani yake mlikuwa na nyumba. Sitanii. Niliona kitanda, mapazia ya maua, jiko, na mtoto amelala chali anasoma kitabu. Baba na mama wakashuka kununua ndizi. Nikazunguka nyuma ya lile gari, nikakuta baiskeli nne zimening'inizwa kwa nje, zimefungwa kwa mikanda. Basi, hivyo tu.

Nilisimama pale kama mtu aliyetukanwa. Nyuma, kwa nje! Mwenzangu, wewe hukukulia nyumbani kwetu Masasi, kwa hiyo huwezi kujua kwa nini ule muhogo ulinikwama kooni.

Baba yangu alikuwa fundi baiskeli. Banda lake lilitazamana na soko, na ukipita asubuhi ulisikia spoku zikilia anapozipima kwa ukucha, mojamoja, kama anazihoji. Alikuwa mrefu kuliko watu wote wa mtaa wetu. Akipanda baiskeli ya mteja kuijaribu, magoti yake yalikaribia kugonga usukani. Baiskeli yake mwenyewe ilikuwa na kengele mbovu iliyokuwa ikikohoa badala ya kulia: krr, krr, kisha kimya, kisha krr moja ya mwisho kama mtu aliyekumbuka kitu. Alitengeneza kengele za watu wote, lakini ile hakuigusa. Alisema mtu akipiga kengele nzuri, nani atajua ni nani anakuja?

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa dereva wa jeshi huko Bama, yaani Burma, na huko alimwona afisa mmoja aliyekuwa akilala ndani ya gari lake, kwenye kitanda cha kukunja, na kabati la nguo pembeni. Wanaume wengine walirudi na habari za mizinga. Baba alirudi na habari za kitanda kile. Mwingereza bado alikuwa na bendera yake bomani wakati vyuma vya mradi wa karanga wa kule Nachingwea vilipoanza kuuzwa, na baba akapata lori lisilo na mgongo: injini, kiti cha dereva, na chasisi tupu nyuma. Likavutwa kwa kamba mpaka uani kwetu, likaegeshwa kwenye kibustani cha mchicha cha mama.

"Hii ndiyo nyumba itakayotupeleka Newala," baba akasema.

"Na mchicha wangu?" mama akauliza.

Mama alikuwa mtu wa juu, wa uwanda wa Makonde, kijiji cha upande wa Mnyambe. Bibi, yaani mama yake, alikuwa bado huko, na dada yangu mkubwa alikuwa amepelekwa kwake kuchezwa unyago. Kwa desturi ya kwa bibi, siku ya kutoka, wari huketishwa kwenye mikeka wameinamisha macho, na kila mmoja hubaki hivyo hivyo mpaka mama yake aje amfunike khanga mpya. Mwari asiyefunikwa na mama yake, hata akifunikwa na shangazi kumi, watu humkumbuka hivyo mpaka uzeeni. Khanga za dada zilikuwa tayari, doti moja, zimekunjwa na vipande vya mti wa sandali ndani. Kilichobaki ni kufika. Na kufika, baba alisema, tutafika kwa nyumba yetu wenyewe.

Mipango ilichorwa kwa mkaa kwenye ukuta wa banda. Mimi, binti wa miaka tisa, nilishika ncha ya kamba na baba akashika ncha nyingine. Hapa kitanda, hapa jiko la mkaa, hapa madebe ya maji, hapa rafu ya msahafu. Na hapa, katikati kabisa, baiskeli mbili, yake na nyingine ya akiba. Kila kitu katika mchoro ule kilihama isipokuwa baiskeli. Jiko liliwahi kuwekwa chini ya kitanda. Siku moja kitanda kilifutwa kabisa. Miezi ikapita, korosho zikaokotwa na kubanguliwa, moshi wa maganda yake ukatuchoma macho, na baba bado anafuta na kuchora.

"Baba Somoe," mama alimwambia siku moja, akimwita kwa jina la dada kama kawaida yake, "zifunge nyuma. Kwa nje. Kwa kamba."

"Kwenye vumbi?"

"Ni baiskeli. Zinaishi kwenye vumbi."

"Mgeni wako unamlaza nje, Mama Somoe?"

Kesho yake mama alikoroga chokaa, akapaka ukuta wote wa banda, mchoro na kila kitu. Baba aliporudi alisimama akautazama ule weupe, akaokota kipande cha mkaa, akaanza upya. Akaanza na baiskeli.

Kazi ya mbao alipewa fundi seremala wa Lupaso, mtu hodari wa milango, mfupi, mwenye maneno mengi. Alizikata huko huko kwake. Baba alimtumia vipimo kwa mdomo, kwa mtu aliyekuwa anakwenda Lupaso kwenye matanga: chumba cha baiskeli, urefu mikono minne. Siku hizo mkono ulikuwa kipimo cha kila mtu, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Nguo, kamba, kaburi, vyote vilipimwa hivyo, na sikumbuki kama kuna mtu aliyewahi kuuliza zaidi ya hapo.

Tarishi kutoka kwa bibi alifika Jumamosi: wari wanatoka Ijumaa asubuhi. Jumatatu seremala akaja na mbao zake, zimebebwa na vijana sita. Mpaka Jumanne jioni nyumba ilikuwa imesimama juu ya lori, ina mlango, ina dirisha, inanukia mninga mpya, na mtaa mzima umekuja kuingia na kutoka. Jumatano asubuhi baba akaingiza baiskeli. Gurudumu la mbele likabaki nje kwa upana wa kiganja kizima.

Nakumbuka jinsi alivyoisukuma, taratibu kwanza, halafu kwa bega.

"Nilisema mikono minne."

"Na minne ni hii," seremala akasema. Akainama, akaweka kiwiko sakafuni. "Mmoja. Miwili. Mitatu. Minne. Au kwenu Masasi mnahesabu vingine?"

"Mkono wa nani huo?"

"Wangu! Ulitaka niazime wa nani?"

Baba akainama naye, akalaza mkono wake kando ya ule wa seremala. Mwenzangu, ulikuwa kama mwiko wa ugali kando ya kijiko. Jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa hapitwi na jambo, alicheka mpaka akakaa chini kwenye kilichobaki cha mchicha. Mama hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Ijumaa iko mbali kiasi gani, kwa mkono wa yeyote kati yenu?"

Palikuwa na njia rahisi: kuziacha baiskeli. Mama aliisema, seremala aliisema, hata mimi niliisema, nikafukuzwa. Baba alitumia Jumatano nzima kuzifungua usukani na magurudumu ya mbele, akaziingiza kwa ubavu, moja chini na nyingine juu yake, na magurudumu akayapachika ukutani juu ya kitanda. Ili uzitoe ilibidi kwanza utoe kitanda, na ili utoe kitanda ilibidi utoe jiko, madebe, mikeka na tenga la kuku. Mama alipanda mbele na khanga za dada mapajani. Hakuthubutu kuziweka nyuma, alisema, zisije nazo zikafunguliwa magurudumu.

Tuliondoka Alhamisi. Seremala alikuja nasi, maana alitaka kuona kazi yake ikifika juu. Mimi nilikaa dirishani mwa nyumba, na nisiwe mwongo, nilijiona malkia. Watoto walitukimbilia kila kijiji. Tulilala njiani, pedali ikanichoma mbavu mpaka asubuhi, na mama alipika chai kwenye jiko letu hali gari limesimama, akatazama mvuke ukitoka dirishani, akasema polepole, "Si mbaya." Ndiyo sifa pekee ambayo nyumba ile iliipata kutoka kwake.

Kisha ukaja mlima wa kupandia uwandani. Lori lilipanda kona ya kwanza, likapanda ya pili, ya tatu likaanza kutoa moshi mweupe, likasimama. Maji yamekwisha kwenye rejeta. Baba akamimina debe letu la kwanza, likachemka. Akamimina la pili. Tukasogea hatua hamsini, labda. Likazimika kabisa.

Sasa lazima ujue kwamba kule juu maji ni kitu kizito. Kabla ya bomba, wanawake walishuka bondeni usiku usiku na kupanda na mitungi, na mtungi mmoja ulinywesha nyumba siku nzima. Wakati ule ule wakatokea nyuma yetu wanawake watano wakipanda, mitungi kichwani, shingo zimenyooka.

"Shikamooni mama zangu," baba akasema, huku amevua kofia. "Nisaidieni maji kidogo. Gari lina kiu."

"Marahaba." Aliyekuwa mbele alisimama bila kutua mtungi. "Maji haya nimeyashukia kilima, sasa napanda nayo kilima. Nije ninyweshe chuma?"

"Kidogo tu, mama."

"Hata mume wangu namwambia kidogo tu." Wenzake wakaangua kicheko na maneno ya Kimakonde ambayo mama aliyasikia na baba hakuyasikia. Mama akafunika uso. Wakatupita, wanacheka mpaka kona ya juu.

Hapo nikamwona baba anageuka kutazama jua, halafu khanga mikononi mwa mama. Alifungua mlango wa nyumba akaanza kutoa. Jiko likatoka, madebe, mikeka, tenga la kuku, kitanda. Barabara ikawa kama kuna watu wamefukuzwa nyumba. Mwisho zikatoka baiskeli, na hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza baba yangu alivyokuwa fundi. Spana moja, mikono ile mirefu, na kabla seremala hajamaliza kulalamika, baiskeli mbili zilikuwa zimesimama na upepo tele.

"Baba Somoe," mama akasema, "kumbe ulijua litagoma?"

"Lori nalipenda," baba akasema akifuta mikono. "Lakini silijui. Baiskeli naijua."

Mama akazikagua zile baiskeli. "Basi kwa nini hatukuja na baiskeli tangu nyumbani?"

Nakwambia kweli, hakulijibu swali hilo mlimani, wala uwandani, wala miaka kumi na minane aliyoishi baada ya hapo.

Mama alikaa nyuma ya baba, khanga kifuani. Mimi nilikaa nyuma ya seremala, ambaye miguu yake ilifika pedali kwa zamu, na kila pedali ilipokwenda chini alilitukana umbo la baba. "Mikono mirefu, miguu mirefu," alihema, "mtu mzima ametengenezwa bila kipimo!" Mlima tulisukuma. Juu, penye mchanga, tulisukuma tena. Penye ardhi ngumu tulipanda na kukimbiza, tukawapita wale wanawake wa mitungi, na yule wa mbele akapiga kigelegele, sijui kwa kejeli au kwa dhati. Tulipoanza kusikia ngoma, mama alianza kulia, kwa sababu ngoma ya kutoa wari ukiisikia kwa mbali maana yake imeshaanza.

Baba akaanza kupiga kengele. Krr, krr. Krr. Aliipiga njia nzima, kijiji kizima, mpaka uwanjani.

Wari walikuwa kumi na mmoja kwenye mikeka, wamenyolewa, wamepakwa mafuta, macho chini. Kumi walikuwa wamefunikwa. Dada alikuwa wa mwisho upande wa kulia, mabega matupu, na bibi amesimama nyuma yake akiwazuia mashangazi kwa mkono. Mama aliteremka kabla baiskeli haijasimama, akaanguka, akainuka na vumbi lake, akaenda akamfunika.

Dada hakuinua macho. Hairuhusiwi. Lakini aliniambia baadaye, tukila ming'oko, vile viazi vya porini, jikoni kwa bibi, kwamba alipoona miguu ya mama haipo kati ya miguu yote iliyokuwa mbele yake alikuwa ameanza kuhesabu mistari ya mkeka ili asilie. Halafu akasikia ile kengele ikikohoa, mbali kabisa. "Nikaacha kuhesabu," alisema.

Lori halikuteremka tena. Baba aliliendea mara mbili, akarudi na injini vipande vipande. Nyumba ilibaki pale konani, na wanawake wa maji wakaanza kupumzika ndani yake, mitungi kwenye chumba cha baiskeli, ambacho walisema kimetosha mitungi mitano barabara. Baba aliposikia hivyo alitabasamu siku nzima. Sasa bomba lilishafika, na mara ya mwisho nilipopita kona ile hapakuwa na ubao wala msumari. Baba hayupo, mama hayupo. Seremala alikufa akidai mkono wake ndio mkono halali. Dada tulimzika mwaka juzi.

Pale Nanganga, wenyewe wakiwa bado wananunua ndizi, nilinyoosha mkono nikabonyeza kengele ya baiskeli ndogo iliyoning'inia nyuma ya gari lao. Ikalia vizuri sana, safi, kama kijiko kwenye glasi. Mtoto akachungulia dirishani kuona ni nani.

Angejuaje?