Shemeji anataka niwaambie wapangaji jengo lake ni salama

Admin, naomba ufiche jina langu na la blogu yangu; la mtoto nimelibadilisha. Watu wa upande wa mume wangu wanafuata ukurasa huu, na wakinitambua leo, nyumbani hakutakalika.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na mitano, nina mume na mtoto mmoja, tunaishi mtaa wa Tena. Blogu yangu inahusu jambo moja tu: nyumba za kupanga huku Eastlands, mashariki mwa jiji. Niliianza baada ya dalali kuniapia kwamba maji hayakatiki, kumbe mfereji wa jikoni ulikuwa wa mapambo. Tangu hapo naingia majengoni mwenyewe, nafungua mifereji saa ambayo hakuna anayenitarajia, naongea na wapangaji kwenye ngazi, kisha naandika nilichokiona. Mwanzoni nilisomwa na dada yangu na wenzangu wa kwaya. Madalali walitaka kunilipa niwasifie, nikakataa. Mwenye nyumba mmoja alinitishia mahakama, nikamwambia aje tufungue mfereji pamoja wasomaji waone, hakuja. Polepole watu wakaniamini, mpaka imefika mahali mtu hatoi deposti bila kuniuliza. Jina hilo nimelihangaikia kwa miaka, na ndilo linaloninyima usingizi sasa.

Majuzi msomaji mmoja anayeishi mtaa wa Pipeline aliniandikia kwamba mlango wake umeanza kukwama na nguzo iliyo kando ya ngazi imepasuka. Alituma picha. Nilipoona geti la lile jengo nilishtuka. Ni la shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Wazazi wao walifariki mapema, na ni yeye aliyemlea mume wangu, akamsomesha, na siku ya harusi yetu akasimama mahali pa baba.

Nilienda hata hivyo, nikafuatana na mhandisi wa majengo ambaye ni msomaji wangu wa siku nyingi. Wapangaji walinitambua, wakatoka kunisalimia. Mhandisi alipapasa ule ufa, akapanda juu, akashuka. Tulipofika nje ya geti akaniambia, "Dada, hii si kazi ya plasta. Watu watoke kwanza, habari ya kurekebisha ije baadaye." Nilimpigia shemeji papo hapo. Akanishukuru, akasema atalishughulikia. Kesho yake ufa ulikuwa umezibwa na kupakwa rangi.

Jumapili akatualika kwake chakula cha mchana.

"Shemeji," akaniambia kwa upole, "watu wanakuamini wewe kuliko mimi mwenye jengo. Andika tu kwamba umefika, umeangalia, na hakuna shida. Wakitulia, nitarekebisha polepole."

"Nitaandikaje hivyo na mhandisi amesema watoke?"

"Mhandisi ni wako. Jengo limesimama miaka yote hii."

"Na likianguka?"

Mke wake aliacha kupakua. Mume wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Shemeji alinitazama, akamgeukia mdogo wake, akasema, "Ongea na mke wako."

Tukiwa njiani kurudi mume wangu akaongea. "Mama Imani, huyo mtu alinilisha. Ukimwandika, umeniandika mimi."

"Baba Imani, kuna watoto wanalala mle ndani."

"Sijakuambia uandike uongo. Nyamaza tu."

Nikanyamaza hadharani. Nilimwambia yule mama aliyeniandikia ahame, akaenda na watoto wake kwa dada yake, mtaani Mbotela. Pia nilipeleka taarifa kwa wanaohusika na ukaguzi wa majengo, wakasema watafika, na ninangoja. Nikajipa moyo kwamba nimefanya ninachoweza. Lakini jana yule mama akanitumia ujumbe: "Dada, nyumba yangu imepata mtu. Ana mtoto mchanga. Keateka anayesimamia jengo amemwambia ulikuja ukakagua, na hukuandika ubaya wowote."

Niliusoma nikiwa jikoni. Kumbe kunyamaza kwangu kunatumika kutafutia jengo wapangaji.

Leo asubuhi nilienda Pipeline. Mlango ulifunguliwa na msichana mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho, amembeba mtoto begani. Alipojua mimi ni nani alifurahi, akanipa kiti, akasema amekuwa akinisoma tangu akitafuta nyumba yake ya kwanza. Nikamweleza habari ya nguzo, nikamwambia ahame, hata leo. Furaha ikamtoka usoni polepole.

"Lakini dada, kama ni kweli, mbona hujaandika?"

Akaniambia ametoka kuhama, mumewe yuko kwa kazi ya kiwanda, hawezi kumwambia wahame tena kwa maneno ya mlangoni. "Ukiandika nitamwonyesha," akasema. Nilipoondoka alikuwa ameanza kuanika nepi kwenye kamba iliyofungwa kwenye ile nguzo.

Makala nimeshaiandika, pamoja na maelezo ya mhandisi na picha za kabla ya plasta. Nimetaja wazi kwamba mwenye jengo ni shemeji yangu. Kilichobaki ni kubonyeza kitufe cha kuchapisha. Mume wangu ameiona. Hakupiga kelele, alisema tu, "Ukichapisha hiyo, chukua nguo zako urudi kwenu, na Imani atabaki." Sasa yuko sebuleni na mtoto, wamefungua televisheni, na mimi niko chumbani na simu.

Nyinyi mnaosoma, kuna wake za watu humu, kuna waliolelewa na kaka zao, na kuna wapangaji. Nimezoea kuulizwa na watu kama wahamie nyumba au waiache, na huwa najibu bila kusita. Leo nauliza mimi, na sina muda mwingi. Nibonyeze?